Naombeni ushauri: judo ya kufundishwa kwa michezo inashika haraka kweli?
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa wanaojua judo na karate. Mdogo wangu yuko karate muda mrefu, wanapiga ngumi hewani kwa mstari mwalimu akihesabu ichi, ni, san, kata, yaani ile mipangilio ya hatua za kukariri, anaziweza safi kabisa ila akisukumwa tu anaganda. Sasa kuna kocha wa judo hapa mtaani hakaririshi hatua, anawapa mchezo tu, mfano mmoja anashika kola na mkono wa mwenzie amtoe nje ya mkeka, mwingine akomae abaki, kila raundi anabadilisha sharti, na madogo wanajua kumyumbisha mtu bila kuambiwa mguu uweke wapi. Mi imenivutia sana, maana hata Jigoro Kano mwasisi wa judo, aliyeanzisha shule yake ya Kodokan mwaka 1882, alitilia mkazo randori, yaani kupambana na mtu anayekataa kuanguka. Lakini Kano huyohuyo kata hakuzitupa, na ukemi, kule kuanguka bila kuumia, naona lazima dogo aelekezwe kwanza, shingo sio ya kujaribia. Mliopitia njia hiyo, mlishika haraka au baadaye mlirudi kujifunza msingi upya? Nataka nimhamishe kabla sijalipa ada nyingine.