Ushauri wakuu: mpwa wangu kalia kisa katuni ya Studio Ghibli, tuendelee na ipi?

Mjomba_K: Habari za jioni wakuu. Nakaa na mpwa wangu wa miaka 9, mama yake (dada yangu) kalazwa wiki ya pili sasa. Jana nikaona kava lina watoto na vimulimuli nikajua ya watoto, kumbe Grave of the Fireflies, vita ya 1945 huko Kobe, Japani, mama anakufa mapema tu alafu kale kadogo Setsuko kanamung'unya gololi kakidhani pipi. Hapo akaniambia mjomba zima, akalala analia. Ila leo anauliza kama zipo zingine, michoro kaipenda sana. Nimuwekee ipi?

BiMkubwa77: Pole mwanangu, dada apate nafuu. Hiyo ni ya mwongozaji Takahata, ndo walioanzisha hiyo studio ya katuni ya Japani 1985 na mwongozaji mwenzake Miyazaki na mtayarishaji Suzuki. Takahata alinusurika mabomu ya vita hiyo mjini Okayama akiwa na miaka 9, umri wa huyo mpwa wako, ndo maana hafichi kitu. Muwekee My Neighbor Totoro ya Miyazaki, ilitoka siku moja na hiyo ya vimulimuli, Aprili 1988. Pale kituo cha basi usiku mvua inanyesha, lile dubwana Totoro limepewa mwavuli, matone yakilia juu yake linasisimka mpaka linaruka, atacheka tu.

Chande_Tanga: Bi mkubwa hapo napinga. Kwenye Totoro mama wa wale watoto yuko hospitali, inakuja telegramu, yule binti mdogo Mei anatoroka na hindi lake ampelekee mama. Miyazaki mwenyewe mama yake aliugua TB ya uti wa mgongo miaka mingi, kwahiyo ule woga kaujua. Anza na Kiki's Delivery Service ya 1989, binti mchawi wa miaka 13 anapeleka mizigo akipaa na ufagio. Spirited Away ngoja kwanza, ina Oscar sawa ila wazazi wanageuka nguruwe. (Ghibli ni upepo wa jangwa la Libya, asili yake neno lilelile la kibla, nalipenda sana hilo jina.)

BiMkubwa77: Lakini yule mama anapona na anarudi nyumbani, mtoto anahitaji kuliona hilo. Asiangalie peke yake tu.

Mjomba_K: Nimewaelewa wote, asanteni sana. Leo Kiki. Totoro naiweka mpaka dada atoke wodini, waiangalie wawili.