Tupeane uzoefu: kumwomba mtu awe mdhamini wako kwenye maombi ya kazi

Mwalimu wa Kata: Wakuu, habari za jioni. Leo nimepigiwa simu nikiwa nimesimama kwenye daladala, konda anagonga bodi, dada ananiuliza tabia ya kijana niliyemfundisha zamani. Kaniandika mdhamini bila hata salamu. Angeniambia mapema ningejiandaa nimsemee vizuri. Wenzangu yamewakuta?

Chausiku: Kila mwaka!

Mtoto wa Mkulima: Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanataka wadhamini watatu wanaoaminika, na simu zinazopatikana. Aliyemaliza chuo juzi awatoe wapi?

Kinyozi: Msimamizi wa utafiti, bosi wa fildi, mwalimu wa sekondari. Ila mjomba usimwandike.

Mtoto wa Mkulima: Mjomba wangu ni mwalimu mkuu mstaafu, nimefundisha tempo chini yake. Kwa nini nimfiche?

Kinyozi: Watajua ni ndugu, basi umekwisha.

Mtoto wa Mkulima: Umekwisha wewe. Kazi nilipata.

Nesi wa Zamu: Acheni kugombana, mimi nilitendwa. Nilimfuata msimamizi wangu wa zamani ofisini, nikamwachia CV na tangazo lenyewe. Akasema, "Mwanangu, andika tu, mimi nipo." Usaili ukaenda vizuri, kisha kimya. Baadaye mtu wa ndani akaninong'oneza: mdhamini wako alisema wewe kutwa ruhusa, kazini huonekani. Jamani, ile ilikuwa likizo ya uzazi! Siku 84 ambazo sheria ya kazi ya 2004 inanipa! Nililia mpaka mtoto akaamka.

Chausiku: Mtaje!

Kinyozi: Hospitali gani hiyo?

Nesi wa Zamu: Sitaji. Nina watoto wa kulisha.

Mwalimu wa Kata: Pole sana dada. Ndiyo maana nasema muulizeni mtu wazi: utanisemea mazuri? Akisitasita, shukuru uondoke.

Chausiku: Mtu mzima humuulizi hivyo, Mwalimu. Mjulie hali mwaka mzima, Idi na Krismasi usimsahau, na ukikosa kazi mrudishie jibu vilevile.

Mgeni Mpya: Samahani wakuu, bosi wangu wa fildi kahamishwa, simu haipatikani, na maombi yanafungwa kesho.

Nesi wa Zamu: Asubuhi na mapema nenda pale pale ofisini, umwone katibu muhtasi. Namba mpya anayo. Usimwandike kabla hajapokea.