Kutembelea vijia vya umma kwenye ardhi ya kando ya mto inayohifadhiwa na wenyeji: tuzingatie nini?

Mpenda Mito aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba mwongozo wa wenye uzoefu. Nimekusudia kuipeleka familia yangu, akiwamo mama yangu mzazi anayetembea kwa mkongojo na watoto wawili wa shule ya msingi, kwenye eneo la kando ya mto linalotunzwa na kikundi cha wenyeji na ambalo vijia vyake viko wazi kwa umma. Hakuna kiingilio, hakuna mlinzi, wala mtu wa kuulizwa. Kuna kibao tu mwanzoni mwa kijia kinachoagiza mbwa wafungwe kamba, wageni wasitoke njiani, na kueleza kwamba njia ya chini inaweza kufungwa wakati wowote.

Lililonitatiza ni kwamba nilipokwenda kulikagua eneo, njia hiyo ya chini ilikuwa imezuiwa kwa kamba, ilhali mvua ilikuwa imekwisha katika siku zilizotangulia, mto ulikuwa umepungua na ardhi ilionekana kavu. Baadhi ya watu waliivuka kamba na kuendelea na matembezi yao kana kwamba haipo. Je, kuna sababu ya kufunga njia kavu, au ni uzembe wa kusahau kuifungua? Je, ardhi ikishafunguliwa kwa umma, mtu ana haki ya kupita, au anapita kwa hisani tu? Na ni dalili zipi za kuangalia ili nijue kwamba mahali ni salama kwa mzee na kwa watoto, ambao nina hakika watataka kuingia majini?

Fundi wa Vijia alijibu:

Ndugu Mpenda Mito, nimejitolea kutengeneza njia za aina hii kwa muda mrefu, na swali lako la kwanza ndilo ambalo wageni hulielewa vibaya kuliko yote. Kingo nyingi hazibomoki mafuriko yakiwa juu. Hubomoka maji yanaposhuka. Mto ukiwa umejaa, maji yenyewe huusukuma ukingo na kuushikilia kutoka upande wa nje, na wakati huohuo udongo hunywa maji mpaka ndani. Mto ukishuka upesi, msukumo ule wa nje huondoka, lakini udongo bado umelowa, ni mzito na umelegea, kwa hiyo huporomoka kwa uzito wake wenyewe. Juu juu utaona vumbi na majani makavu, na hapo ndipo watu wanapodhani kwamba aliyefunga njia amesahau kuifungua.

Ukifika, simama mbali kidogo na mto na uangalie ardhi kabla ya kuangalia maji. Tafuta ufa mwembamba unaokwenda sambamba na ukingo, hata kama upana wake ni wa kidole tu, kwa sababu huo ndio mstari ambao kipande kizima cha ardhi kitakatikia. Kisha, mahali mto unapopinda, tazama upande wa nje wa kona, ambako maji hukimbia zaidi na kula ukingo kutoka chini. Mara nyingi nyasi huwa zimebaki juu zikining'inia na mizizi yake ikionekana hewani, na anayesimama hapo kupiga picha huwa amesimama juu ya mkeka. Upande wa ndani wa kona ndiko mto unakotua mchanga wake, na kwa kawaida ndiko kuliko salama zaidi pa kukaribia maji.

Kuhusu kutotoka njiani, naomba niseme jambo ambalo litawashangaza wenye viatu visafi: mkikuta tope katikati ya kijia, piteni hapohapo kwenye tope. Kila anayelikwepa hukanyaga mimea ya pembeni, anayemfuata hukwepa zaidi, na kijia kilichokuwa cha mtu mmoja hupanuka mpaka kikawa uwanja usioota kitu. Mizizi ya mimea hiyo ndiyo inayoushika ukingo, na udongo ukishashindiliwa kwa miguu haunywi tena maji ya mvua, bali huyaacha yatiririke juu yake hadi mtoni yakiwa yamebeba mchanga. Tope likiwa zito kiasi kwamba hamwezi kupita bila kulikwepa, rudini, mje siku nyingine.

Wakili Mstaafu alijibu:

Naongezea upande wa sheria. Jibu linategemea nchi, na ndani ya nchi linategemea hati. Ardhi ya kando ya mto huhifadhiwa kwa njia kadhaa: huenda kikundi kimeinunua au kupewa, huenda ni mali ya serikali ya mtaa, na huenda bado ni ya mtu binafsi aliyetia saini mkataba wa uhifadhi, yaani makubaliano kwamba haitajengwa wala kukatwa vipande, nayo huendelea kumfunga hata atakayeinunua baadaye. Utaratibu wa asasi binafsi kushika ardhi kwa manufaa ya umma ulianzishwa rasmi katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwaka 1891, kwa juhudi za Charles Eliot, aliyekuwa mbunifu wa mandhari, na Uingereza ikapata asasi yake, National Trust, mwaka 1895. Wengi wanachosahau ni kwamba ardhi kuhifadhiwa hakumaanishi kwamba imefunguliwa. Mkataba wa uhifadhi unaweza kuwapo bila kumpa mtu yeyote wa nje ruhusa ya kukanyaga hapo.

Nchi hutofautiana sana. Scotland, kwa sheria ya mwaka 2003, humpa kila mtu haki ya kupita kwenye sehemu kubwa ya ardhi na maji ya ndani ya nchi, mradi apite kwa kuwajibika. Jirani yake England haina haki ya jumla ya kutembea kando ya mito; unapita pale penye njia ya umma inayotambuliwa, au pale mwenye ardhi aliporidhia. Palipo na ridhaa tu, masharti ya kibao ndiyo mipaka ya ridhaa hiyo, na anayevuka kamba anaweza kuhesabiwa kuwa ameingia bila ruhusa.

Ukosefu wa kiingilio nao unaweza kuwa na sababu yake. Majimbo yote 50 ya Marekani yana sheria zinazompunguzia dhima mwenye ardhi anayewaruhusu watu kuitumia kwa matembezi bila malipo, na kwa kawaida akianza kutoza ada hupoteza sehemu ya kinga hiyo. Kwa hiyo mahali pasipo mlinzi wala lango si lazima pawe pametelekezwa. Pengine kutotoza ada huko ndiko kulikowezesha pafunguliwe.

Mama wa Mapacha alijibu:

Mimi nitasema juu ya mama na watoto, maana wenzangu wamejibu kwa upana lakini bibi mwenye mkongojo bado yuko pale mwanzoni mwa kijia. Uliza kwanza urefu wa njia hadi sehemu ya kupumzikia, wala usitosheke na kuambiwa kwamba ni tambarare, kwa sababu njia za kando ya mto huwa na mteremko mfupi na mkali kila zinapokatiza kijito. Mwongozo wa Marekani wa njia zinazofaa kwa wenye ulemavu huhesabu mwinuko wa 1 kwa 20, yaani kupanda mita 1 kwa kila mita 20 za mwendo, kuwa unafaa kwa umbali wowote, na upana wa chini kuwa takriban sentimita 91. Kipimo hicho kitakusaidia hata kama hapo hakitumiki kisheria. Vidaraja na njia za mbao huteleza vikiota kuvu, hasa asubuhi, na ncha ya mkongojo huweza kuzama kwenye nafasi iliyo kati ya mbao mbili, kwa hiyo mama atembee katikati, na mtu mzima awe karibu naye.

Watoto wasiingie majini kwa sababu tu maji yanaonekana madogo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani hutahadharisha kwamba maji ya mafuriko yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kusomba gari dogo. Angalia pia takataka zilizonasa kwenye matawi na mstari wa tope kwenye mashina ya miti. Hapo ndipo maji yalipofika mara ya mwisho, na mara nyingi utakuta ni juu ya kichwa cha mtoto. Mto ukibadilika rangi ghafla au ukianza kuleta vijiti na majani, ondokeni bondeni hata kama juu yenu kuna jua, kwani mvua huenda imenyesha mbali huko milimani. Na katika nchi zenye kichocho, maji yaliyotuama kwenye matete ni hatari kuliko yanayokimbia: konokono wanaobeba vimelea hukaa humo, na vimelea hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote.

Mfuga Mbwa alijibu:

Kwa heshima zote, naona agizo la kamba limezidi. Mbwa wangu ni mtiifu, hajawahi kumkimbiza mtu, na kuogelea mtoni ndiyo furaha yake. Kama anadhuru, anamdhuru nani?

Fundi wa Vijia alijibu:

Ndugu Mfuga Mbwa, sina shaka na utii wake. Ndege kama mdiria na keremkerem huchimba viota vyao ndani ya ukingo wima, na wengine hutaga chini kwenye changarawe, mayai yao yakifanana na mawe kiasi kwamba hata mimi hupita bila kuyaona. Mbwa hahitaji kumuuma ndege. Akipitapita tu, ndege huruka na kuyaacha mayai juani au kwenye baridi. Lipo na jambo lisiloonekana: dawa za viroboto zinazopakwa kwenye ngozi ya mbwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex walipochunguza takwimu za mito 20 ya England, walikuta kemikali ya dawa hizo iitwayo fipronili katika asilimia 98 ya sampuli, nayo huua wadudu wa majini ambao samaki na ndege huwategemea. Kama umempaka dawa karibuni, basi asiingie mtoni kabisa, awe na kamba au asiwe nayo.

Mpenda Mito aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimeamua kuchukua njia ya juu na kumwachia mama uamuzi wa wapi tugeuke kurudi. Limebaki moja dogo: watoto wanapenda kukusanya mawe na kuyapanga minara. Je, hilo nalo lina ubaya, au tunaanza kuwanyima kila kitu?

Fundi wa Vijia alijibu:

Waache wayainue, wayatazame upande wa chini, kisha wayarudishe taratibu mahali palepale na kwa upande uleule. Chini ya mawe hayo hukaa mabuu ya wadudu, na samaki wengine hubandika mayai yao hapo, kwa hiyo jiwe likiwekwa kwenye mnara vyote hivyo hukauka. Wape kazi ya kutafuta jiwe lenye vijumba vidogo vya mchanga vilivyogandamana, ambavyo hujengwa na mabuu wa aina fulani ya wadudu wa majini. Mara nyingi wakiviona husahau habari ya minara. Na mkitoka, pigeni viatu brashi kabla ya kuingia garini, kwa kuwa mbegu za magugu husafiri kwenye tope la soli kutoka mto mmoja hadi mwingine.