Pafu kuvuja ICU: ni mashine au ni ugonjwa wenyewe?

Mleta Mada

Wakuu, salaam. Hili jambo kila nikiligusa nyumbani linageuka ugomvi, nalileta hapa tulijadili kwa hoja.

Baba yangu mdogo alilazwa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kwa UVIKO-19. Siku sita za mwanzo alikuwa na oksijeni ya puani, kisha ile barakoa inayobana uso na kusukuma hewa. Anahema kama aliyekimbizwa, lakini anaongea, anatania wauguzi. Siku ya saba wakamlaza usingizi na kumwingiza mpira wa kupumulia. Siku ya tisa simu: pafu la kulia limevuja, hewa imejaa kifuani, amewekewa mpira ubavuni. Nilipomwona, shingo na uso vilikuwa vimevimba hata sikumtambua, na ukimgusa ngozi inachakarika chini ya vidole. Siku ya kumi na tatu akafariki.

Shangazi hana mjadala: aliingia anaongea, akatoka amebebwa, mashine imemuua. Mimi ndiye niliyetia saini karatasi ya ridhaa, kwa hiyo msinishangae nikiwa upande wake. Hoja yangu ni hii: walikimbilia mashine, na mashine ikapasua pafu. Nipingeni.

Mbishi Halali

Nani akupinge? Shangazi kamaliza. Kuna hospitali ya New York ilihesabu wagonjwa wake wa mwanzo mwaka 2020. Wenye UVIKO waliokuwa kwenye mashine walikuwa 601, na 89 kati yao walivuja hewa. Hiyo ni asilimia 15. Dawa gani ingeruhusiwa sokoni ikiwa na madhara ya namna hiyo?

Zamu ya Usiku

Pole sana, mleta mada. Nimefanya kazi ya uuguzi ICU miaka mingi na hizo simu nimezipiga mwenyewe.

Mbishi, umesoma nusu ya habari. Ripoti hiyohiyo ina kundi la pili: wagonjwa 196 waliokuwa kwenye mashine kipindi kilekile bila kuwa na UVIKO. Aliyevuja kati yao ni mmoja. Mmoja! Mashine ndizo hizohizo na wahudumu ndio haohao. Kama mashine ndiyo mpasuaji, mbona hao iliwaacha? Kweli, wengi wao huenda mapafu yao hayakuwa mabovu kiasi kile, na ndiyo hoja yangu hasa. Walipolinganisha na wagonjwa wao wa miaka ya nyuma waliokuwa na mapafu yaliyofeli kwa sababu nyingine, waliovuja walikuwa kama asilimia 10. Pafu likishaoza ndipo linapovuja.

Watu wanadhani pafu la mgonjwa ni puto moja linalopulizwa mpaka lipasuke. Sivyo. Nimonia ya virusi haiharibu pafu lote sawasawa. Sehemu kubwa inajaa maji na usaha wa uvimbe, inakuwa nzito kama ini, hewa haiingii. Kinachobaki wazi ni kipande kidogo, na Gattinoni, daktari wa Italia, alikiita pafu la kitoto: mtu mzima anapumua kwa pafu lenye ukubwa wa la mtoto. Sasa pumzi yote, iwe imesukumwa na mashine au imevutwa na mgonjwa mwenyewe, inaelekea kwenye kile kipande. Mpakani, palipo na kifuko cha hewa kilicho wazi ubavuni mwa kilichoziba, ndipo kuta zinavutwa zaidi. Hapo panachanika.

Na ule uvimbe wa shingo uliokutisha una historia yake. Macklin na mwenzake walieleza mwaka 1944 kwamba kifuko kikipasuka, hewa si lazima itokee nje ya pafu palepale. Inapenya ndani ya ala inayofunika mishipa ya damu, inatambaa nayo mpaka katikati ya kifua, inazunguka moyo, inapanda shingoni na kusambaa chini ya ngozi. Ndiyo ule mchakariko. Unatisha kuliko unavyoua. Kinachoua kwa dakika ni hewa inayojikusanya upande mmoja bila pa kutokea mpaka inaukandamiza moyo, na mpira wa ubavuni unawekwa kwa ajili hiyo.

Mbishi Halali

Maelezo mazuri, dada, ila umeiosha mashine mpaka inang'aa. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililoongozwa na madaktari wa Brazil, wagonjwa 1010 wenye mapafu yaliyofeli. Nusu walipandishiwa presha kwa nguvu ili sehemu zilizoziba zifunguke, nusu wakaachwa kwenye presha ya chini. Waliopandishiwa walivuja asilimia 5.6, wenzao 1.6. Na waliokufa ndani ya siku 28 ni asilimia 55.3 dhidi ya 49.3. Hapo ugonjwa ni uleule, kilichobadilika ni mkono ulio kwenye kitufe. Sasa niambie tena kwamba pafu linajivujisha lenyewe.

Zamu ya Usiku

Hapo umenipata, nakubali. Presha ikitumiwa kwa ubabe inachana, hakuna muuguzi atakayekukatalia.

Lakini lipo jambo linalonisumbua mpaka leo. Mwaka 2000 Marekani ilitoa jaribio lililobadilisha kazi yetu, wagonjwa 861. Kundi moja lilipewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, jingine mililita 12. Vifo vilishuka kutoka asilimia 39.8 hadi 31. Ungetegemea kuvuja kushuke pia, si ndiyo? Hakukushuka. Kama asilimia 10 kwa 11. Upole wa mashine uliokoa maisha bila kuzuia matundu. Kwa hiyo tundu linaloonekana kwenye eksirei si kipimo kizuri cha ukatili wa mashine. Mashine inaweza kumuumiza mtu bila kuacha tundu lolote, na tundu likatokea hata pale ilipowekwa kwa adabu.

Abiria wa Kawaida

Mimi si wa fani, nauliza tu. Hizi dawa za steroidi wanazopewa wagonjwa wa UVIKO kutuliza uvimbe hazilainishi nyama za pafu zikachanika kirahisi?

Stetoskopu

Steroidi huchelewesha vidonda kupona, kwa hiyo wasiwasi wako una mantiki. Ila jaribio la RECOVERY la Uingereza mwaka 2020 lilionyesha deksamethasoni, mojawapo ya steroidi hizo, ikishusha vifo vya walio kwenye mashine kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa faida ya ukubwa huo siwezi kuiacha kwa kuogopa tundu.

Nirudi kwa mleta mada, maana mnabishana juu ya siku ya saba hadi ya tisa na kuziruka sita za mwanzo. Wakati wa SARS, 2003, madaktari wa Hong Kong waliona wagonjwa wakivuja hewa kifuani bila kuwahi kuguswa na mashine. Kwenye UVIKO tumewaona wengi wa aina hiyo. Mtu anayehema "kama aliyekimbizwa", maneno yako, anavuta hewa kwa nguvu kubwa sana, na nguvu hiyo inalivuta pafu kutoka nje kama vile mashine inavyolisukuma kutoka ndani. Tangu 2017 madhara hayo wapo wanaoyaita jeraha ambalo mgonjwa anajitia mwenyewe, na kwa hoja hiyo wanasema usisubiri, mlaze usingizi mapema pafu lipumzike.

Martin Tobin, bingwa wa upumuaji wa Marekani, alilipinga hilo waziwazi mwaka 2020. Kwake ushahidi wa hoja hiyo ni mwembamba, na kuhema kwa nguvu peke yake si sababu ya kumtia mtu mpira kooni. Na barakoa ya presha si adui: jaribio la Uingereza lililotoka 2022 lilikuta walioipata wakiishia kwenye mpira au kifo asilimia 36.3, waliokuwa na oksijeni ya kawaida 44.4. Kwa hiyo kusubiri nako kuna watetezi wake.

Mimi nasimama karibu na Tobin, ingawa kila ninapomwona mgonjwa misuli ya shingo imesimama kama kamba kwa siku ya tano, imani yangu inayumba.

Mleta Mada

Daktari, sasa umenichanganya kabisa. Nilikuja nikidhani walimwahisha. Unachosema ni kwamba huenda walimchelewesha? Yaani nilitakiwa kusaini siku ya tatu?

Stetoskopu

Hapana, kaka, sijasema hivyo na hakuna anayeweza kukuambia hivyo akiwa mbali. Inawezekana lilianza kuchanika siku ya nne na mashine ikaja kuongeza hewa kwenye mpasuko uliokuwepo. Inawezekana pia presha iliwekwa juu mno siku ya nane. Kwa picha ya uvimbe peke yake hayatofautishwi.

Yanatofautishwa kwa karatasi. Omba nakala ya faili. Angalia kama kuna CT skani kabla ya mpira, na kama ilionyesha hewa imezunguka mishipa. Angalia pumzi walimpa mililita ngapi na urefu wake uliandikwa kweli au ulikisiwa tu. Angalia presha ya mwisho wa kuvuta, yaani ile iliyopo pafuni pumzi ikishaingia yote, kama ilikaa chini ya sentimita 30 za maji. Kama walimlaza kifudifudi, saa ngapi kwa siku. Ukipata daktari wa nje akakusomea, utajua zaidi ya tunavyojua sisi wote hapa.

Mbishi Halali

Wakikunyima faili, rudi utuambie. Hapo hata Zamu ya Usiku atakuwa upande wangu.

Zamu ya Usiku

Wakimnyima, nitakuwa upande wa shangazi.

Mleta Mada

Nimeandika barua ya kuomba faili, nimeorodhesha yote ya daktari. Jana nikampelekea shangazi asome. Hakugusa habari za presha wala mililita. Aliongeza mstari mmoja chini kwa mkono wake: anataka kujua kama mzee mwenyewe aliulizwa kabla ya kulazwa usingizi, maana alikuwa anaongea.

Karatasi niliyosaini mimi waliileta asubuhi. Mzee wakati huo alikuwa macho. Sikuwahi kuuliza.