Windows inakufa Siku ya Nyerere

Grupu letu la ukoo lina watu 43 na sheria mbili: michango isomwe kabla ya utani, na siasa hapana, hasa mwezi ule wa kampeni. Ya kwanza inaheshimiwa. Haya ni ya Jumapili, Oktoba 12, 2025. Nimetoa voisi za Shangazi (dakika nne nne, na redio inalia nyuma), mengine nimeacha kama yalivyokuja. Admin ni mimi, Mama Nuru. Mkiona nimejipendelea mahali, sikatai.

Babu: [picha]

Babu: Asalaam aleikum wanangu. Hilo tangazo limeingia kwenye kompyuta yangu tangu juzi. Nikiliondoa linarudi kama mtu anayenidai. Nani analijua?

(Nusu ya picha ni dole gumba la Babu. Nusu nyingine ni skrini ya bluu na maneno ya Kiingereza yaliyokatwa katikati.)

Iddi Chuo: Shikamoo Babu. Hiyo ni Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta yako. Tarehe 14 Microsoft, Wamarekani wenye nayo, wanaacha kuipa masasisho ya usalama.

Babu: Marahaba. Itazima?

Iddi Chuo: Haizimi. Itawaka kama kawaida. Ila tundu jipya likigunduliwa, hakuna atakayekuja kuliziba.

Shangazi Tandika: Tarehe 14 si Siku ya Nyerere hiyo?

Ba'mdogo Kimara: Ndiyo hiyo. Watu wanakumbuka msiba wa taifa, Mmarekani naye anazika chake. Mnadhani ni bahati mbaya?

Iddi Chuo: Ni bahati mbaya Ba'mdogo 😂 Windows 10 ilitoka Julai 2015. Imekula miaka kumi na kidogo.

Mjomba Mbagala: Babu aweke Windows 11. Vitu vipya tusiviogope, nchi inasonga mbele.

Iddi Chuo: Babu, fungua mipangilio, tafuta palipoandikwa prosesa, unisomee.

Babu: Intel i5, kistari, 6300U.

Iddi Chuo: Hapo ndipo pabaya. Namba ya kwanza baada ya kistari ni kizazi chake. Yako kizazi cha 6. Windows 11 kwa Intel inaanzia cha 8, na inataka chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0.

Babu: Kwa hiyo haina ugonjwa wowote. Kosa lake ni kuzaliwa mapema.

Iddi Chuo: Ndiyo hivyo Babu.

Babu: Basi na mimi mwenyewe sifai.

Niwaeleze kidogo kuhusu hii laptopu, maana si ya kuchezea. Ndani yake mna daftari la kuzikana la ukoo mzima: nani katoa, nani kachukua, nani kafa, gari la maiti lilikodiwa kiasi gani. Babu alikuwa karani, na safu zake hazina hata seli moja tupu. Ugonjwa wake ni kitufe cha N tu. Kimelegea, na akiwa na haraka nusu ya n haziandikiki. Tunamwelewa hivyo hivyo.

Ba'mdogo Kimara: Nimempigia jamaa yangu wa Aggrey. Mtumba wa kizazi cha 8, ramu 8, laki sita na nusu. Tuchange.

Shangazi Tandika: Tuchange tena? Mwezi jana tumechanga harusi.

Mama Zuhura: Mimi nasema asiguse kitu. Kila mkisasisha mnaharibu. Mnakumbuka luku?

Luku tunaikumbuka wote. Mwaka 2024 mita za umeme wa kulipia kabla zilitakiwa kusasishwa kabla ya Novemba 24, na Mama Zuhura alikataa katakata. Ukinunua umeme unaletewa namba tatu za tarakimu ishirini ishirini, mbili za kuisasisha mita, ya tatu ndiyo uniti zako. Yeye akawa anaingiza ya tatu peke yake, mita inakataa, anamtukana aliyemuuzia.

Mama Zuhura: Mpaka leo naamini uniti zinakimbia kuliko zamani.

Iddi Chuo: Ma'mkubwa hazikimbii. Ile mita inahesabu dakika tangu Januari 1, 1993. Nafasi ya kuhifadhi hesabu ilitengewa biti 24, yaani dakika milioni 16 na laki saba na ushee. Zilikuwa zinaisha Novemba 24, 2024. Ni mita za mfumo huo dunia nzima, si za kwetu tu.

Mama Zuhura: Dunia nzima hawapikii umeme wa Tandika.

Iddi Chuo: 🙏

Zuhura: Mama acha. Mimi nipo hospitalini kazini na nasema sasisheni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliingia hospitali za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, miadi ikafutwa. Kiraka cha kukizuia Microsoft walikuwa wamekitoa Machi. Miezi miwili watu hawajakiweka!

Ba'mdogo Kimara: Na Julai 19 mwaka jana? Kompyuta milioni 8.5 zimekuwa bluu kwa wakati mmoja, ndege zimelala viwanjani. Hiyo haikuletwa na kirusi. Ni sasisho la CrowdStrike, kampuni ya kulinda kompyuta, hao hao walinzi.

Zuhura: Lakini Ba'mdogo, mlinzi mmoja akilala hufukuzi walinzi wote.

Ba'mdogo Kimara: Nafunga mlango mwenyewe.

Shangazi Tandika: Mlango wako wa Kimara mwezi wa sita walibeba na fremu 🤣

(Ni kweli. Na fremu.)

Iddi Chuo: Jamani kuna njia ya kati. Microsoft wanatoa mwaka mmoja wa nyongeza, masasisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2026. Dola 30.

Mjomba Mbagala: Kama elfu sabini na kitu. Si mbaya.

Iddi Chuo: Au bure, ukikubali kuhifadhi mipangilio ya kompyuta yako kwao kwa akaunti yao. Ulaya ndiyo wamelegezewa, mwezi uliopita vyama vya watumiaji vya huko viliwabana, wakapewa bure bila hilo sharti la kuhifadhi.

Ba'mdogo Kimara: Mmesoma hapo? SOMENI HAPO. Ulaya walipiga kelele wakapewa. Sisi tumekaa kimya, tunalipa.

Mjomba Mbagala: Ulaya wana soko kubwa. Usichanganye mambo.

Ba'mdogo Kimara: Nachanganya nini? Tozo za miamala zilianza Julai 2021. Watu wakapiga kelele, Septemba zikapunguzwa asilimia 30. Kelele inalipa.

Mjomba Mbagala: Zilipunguzwa kwa sababu Rais ni msikivu. Mbona hulisemi hilo?

Ba'mdogo Kimara: Alisikia nini, kama hakuna aliyepiga kelele?

Mimi: Wakubwa zangu. Siasa hapana.

Mjomba Mbagala: Mama Nuru hii si siasa, ni historia.

Ba'mdogo Kimara: Haya tuzungumze teknolojia tupu. Mtandao wa X umefungwa tangu Mei. Hiyo ni habari ya teknolojia.

Mjomba Mbagala: Umefungwa kwa sababu ya picha chafu, serikali ilieleza. Una watoto wa kike wewe.

Ba'mdogo Kimara: Picha chafu ziko kila mahali mtandaoni, mbona umefungwa ule ambao watu wanauliza maswali? Mimi mwenyewe asubuhi nilikuwa huko nasoma

Mjomba Mbagala: Ulikuwaje huko wakati umefungwa?

Ba'mdogo Kimara: …

Mjomba Mbagala: VPN, programu ya kupenyea palipofungwa. Na tangu 2023 zinatakiwa kusajiliwa. Unakiri mbele ya watu 43.

Shangazi Tandika: Jamani admin ndiye anayekamatwaga 😳

Hapo nikafunga grupu, wakabaki wanaoweza kuandika admin peke yao. Mjomba ni balozi wa nyumba kumi, Ba'mdogo ni mfanyabiashara mwenye hasira za kodi, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 naijua kwa jina tu lakini jina linatosha. Nikaweka simu kwenye chaji, nikaenda kugeuza samaki.

Nilichosahau ni kwamba Babu naye ni admin. Tulimpa kwa heshima, hajawahi kukitumia cheo. Siku hiyo akajikuta na grupu zima limezibwa mdomo, na akili yake ya ukarani ikaona nafasi.

Babu: Naona mmenyamaza. Vizuri.

Babu: Mwaka 1974 nilikuwa karani kijana. Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni pamoja nazo. Hesabu za Hazina zilikuwa zimehamishiwa kwenye kompyuta, zikavurugika. Wataalamu wa nje wakalipwa fedha za kigeni, hesabu hazikukaa sawa, mwisho zikarudishwa kwenye mashine za zamani.

Babu: Televisheni tukasubiri mpaka 1994. Shemeji zenu wa Unguja walikuwa na ya rangi miaka yote hiyo, tukienda Idi wanatuwashia makusudi.

Babu: Sasa Mjomba wenu atasema ule ulikuwa moyo wa Azimio, kujitegemea. Ba'mdogo atasema ulikuwa ujinga. Mimi nilikuwa nahesabu kwa kalamu na nilikosea vile vile. Ninachokumbuka ni kwamba sisi makarani hatukuulizwa ilipokuja, na hatukuulizwa ilipoondoka. Tulikuta meza imehamishwa.

Babu: Na juzi tena sikuulizwa. Ila huyu wa juzi angalau kanipa tarehe.

Babu: Iddi, wewe nijibu kwa simu. Ile kelele ya Ulaya waliipigia wapi? Kwenye grupu?

Nilipoona ujumbe nilicheka mpaka samaki wakaungua upande mmoja. Nikafungua grupu saa mbili usiku. Nilitegemea vita. Lakini wote walikuwa wamesoma kimya kimya, na ukishasomewa na mzee bila uwezo wa kujibu, hasira zinapoa kama chai iliyosahaulika.

Mjomba Mbagala: Shikamoo mzee. Tumekusikia.

Ba'mdogo Kimara: Shikamoo. Nilitaka kusema tu kwamba

Ba'mdogo Kimara: Basi, hakuna neno.

Iddi Chuo: Babu kuna kitu kingine naweza kukuonyesha. Inaitwa Ubuntu. Ni mfumo wa bure, umejengwa juu ya Linux ya Mfini mmoja, Linus Torvalds, ya mwaka 1991. Ubuntu yenyewe ilianzishwa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyejilipia safari ya anga za juu 2002. Haijali kizazi cha 6.

Babu: Ubuntu si ndiyo utu?

Iddi Chuo: Ndiyo. Ni neno la huko kwao kusini.

Babu: Na hawa hawana siasa?

Iddi Chuo: Mmh. Oktoba mwaka jana Warusi kadhaa walitolewa kwenye orodha ya wasimamizi wa Linux, sababu ni vikwazo. Torvalds akasema yeye Mfini, asitegemewe kuunga mkono uvamizi wa Urusi.

Ba'mdogo Kimara: 😂😂 Hata huko kuna balozi wa nyumba kumi.

Mjomba Mbagala: Na kuna wa kukiri mbele za watu.

Mimi: Nafunga tena?

Wote wawili, kwa sekunde moja: Hapana hapana.

Jumanne ilikuwa sikukuu. Iddi alikwenda Temeke na flashi mbili. Kwanza akanakili daftari la kuzikana kwenye flashi ya kwanza, Babu akaifunga kwa leso na kuitia kwenye mkebe wa biskuti ulio na hati ya kiwanja. Ya pili ilikuwa na Ubuntu, wakaiwasha kutoka kwenye flashi hiyo hiyo bila kufuta kitu. Daftari likafunguka, safu zote zipo, ila rangi ya kijani aliyowapakia marehemu ilikuwa nzito kidogo kuliko aliyoizoea. Babu akaitazama muda mrefu. Akasema hii si kijani yake.

Wakarudi kwenye Windows 10 na kujiandikisha mwaka wa nyongeza, ule wa bure. Babu aliuliza mara tatu ni kitu gani hasa anachowapa Wamarekani. Iddi akamwonyesha: mipangilio, kama picha ya ukutani na lugha. Babu akabadilisha picha ya ukutani kwanza. Ilikuwa ya marehemu Bibi. Akaweka ya mnazi.

Jioni akaingia grupu kutoka kwenye laptopu yenyewe.

Babu: Mashie imepoa. Nimeadikishwa mpaka Oktoba 2026, tukijaaliwa, mimi a yeye.

Shangazi Tandika: Alhamdulillahi 🙏🙏

Zuhura: Hongera Babu!

Babu: Kwa kuwa daftari liko wazi hapa mbele yagu, wasiotoa kuzikaa ni hawa. Kimara, miezi mitatu. Mbagala, miezi mitatu. Mama Uru, miezi miwili.

Mama Uru ni mimi. Nimelipa saa ile ile. Hao wengine wawili wamesoma, tiki za bluu nimeziona.