Jumamosi moja Iringa mjini, niende wapi?

mgeni_wa_dom: Wakuu nina siku moja tu Iringa na watoto wawili, sina gari, nianzie wapi?

mlandege_boy: Asubuhi nenda Isimila mapema kabla jua halijawa kali, iko kama kilomita 20 njia ya Mbeya, kuna zana za mawe za watu wa kale na zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua, watoto watafurahi sana ila wavae raba. Ukirudi pita Boma, makumbusho yapo mjini kabisa.

dada_kihesa: Kalenga mbona umeiacha?? Fuvu la Mkwawa, yule chifu wa Wahehe, liko makumbusho ya pale, lilirudishwa 1954 kutoka Ujerumani.

mlandege_boy: Kweli dada, ila kwa siku moja bila usafiri mi ningechagua Isimila. Jioni mpande lile jiwe kubwa la Gangilonga, mji wote mnauona.

mgeni_wa_dom: Shukrani, bodaboda wanafika Isimila?

dada_kihesa: Na watoto chukua bajaji bana, patana kwenda na kurudi