Cheni ya jina ya msanii imegeuka kijani na pete imefunguka, nianzie wapi?

Fundi_Mkufu
Habari zenu wakuu. Nina kazi ya msanii wa Bongo Fleva anayecheza jukwaani mwanzo mwisho. Kidani ni jina lake: bati la shaba njano, upana mm 60, urefu mm 40, unene mm 1.2, limechovywa dhahabu. Cheni nayo ni shaba. Baada ya shoo chache imekuwa kijani nyuma ya shingo, pete inayoshika kidani imefunguka, na kidani kinageuka mgongo mbele ya kamera. Bajeti ya dhahabu hana. Nikirudia, nibadilishe nini?

sonara_wa_pwani
Mkuu, hela iweke kwenye cheni, siyo kwenye kidani. Kidani kinalala juu ya nguo, lakini cheni inasuguana na shingo yenye jasho, na jasho ni chumvi na asidi. Dhahabu nyembamba ina vitundu, jasho linapenya, shaba inajitokeza. Tumia cheni ya fedha 925 (fedha asilimia 92.5) na mwambie mchovyaji unataka dhahabu ya unene wa mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), akisema "nitachovya vizuri" bila kutaja mikroni, tafuta mwingine. Kidani kibaki shaba: kwa vipimo vyako bati zima ni kama gramu 24.5, na kwa fedha lingefika gramu 30 kabla ya kukata herufi.

Kingine kinachochubua dhahabu ni mafuta ya kung'arishia yaliyobaki. Kabla ya kuchovya, osha kwa maji moto na sabuni ya vyombo, suuza, kisha inua kipande kikiwa kimelowa. Maji yakitanda kama utando, ni kisafi. Yakijikusanya matone, rudia, la sivyo dhahabu itabanduka kama ngozi ya kitunguu. Na muulize msanii kama nikeli inamwasha, maana wachovyaji wengi huitanguliza chini ya dhahabu.

tupa_na_msumeno
Pete ilifunguka kwa sababu haikulehemiwa. Tumia waya wa fedha wa mm 1.5 na ukate kwa msumeno. Koleo la kukatia huacha ncha zilizochongoka, na lehemu haijazi pengo. Funga kwa kusogeza ncha kando kwa kando, kisha inua pete kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita kwenye maungio, bado. Paka boraksi (unga unaosaidia lehemu kutiririka), weka kipande cha lehemu cha mm 1, pasha pete yote mpaka lehemu ikimbie yenyewe. Ukichoma lehemu peke yake inajikunja kuwa kipira na haishiki. Cheni iliyo karibu ifunike kitambaa kilicholowa, vinginevyo vipingili vitagandana. Kufuli lenye springi usilipige moto kabisa, springi inalegea. Na tafadhali, nunua lehemu isiyo na kadmiamu. Moshi wa kadmiamu unaharibu mapafu.

Kugeuka kunatokana na kitanzi kimoja cha katikati. Weka viwili, kila kimoja karibu na kona ya juu, cheni iishie pande zote mbili.

sonara_wa_pwani
Naongezea hapo kwa tupa_na_msumeno: usilehemu pete zote. Moja karibu na kufuli iache wazi, ya waya wa mm 0.8. Shabiki akivuta cheni au ikinasa kwenye gitaa, ifunguke hiyo kabla shingo haijaumia.

Fundi_Mkufu
Shukrani wakuu. Anataka pia tanzanaiti moja katikati ya herufi. Niiweke lini?

tupa_na_msumeno
Mwisho kabisa, baada ya kulehemu, kung'arisha na kuchovya. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu na haipendi joto la ghafla. Izungushie ukingo wa metali badala ya kucha (vijino vya metali vinavyoshika jiwe), maana kucha zitanasa nguo. Kuisafisha ni maji vuguvugu na brashi laini. Mashine ya kusafishia kwa mitetemo inaweza kuipasua.